Max Poll, Mbeleji aliyewapa majina samaki wa Katanga na Tanganyika

Kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, mama anayeuza samaki wa Bukama hana haja ya kumjua Max Poll. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu UNILU anayetaka kujua samaki huyo ni wa aina gani, hafiki mbali kabla ya kukutana na jina hilo.

Poll alizaliwa Ruisbroek, Ubeleji, mwaka wa 1908. Alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, mahali Wabeleji walipokusanya wanyama, mimea na mawe kutoka Kongo. Alifundisha pia katika Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles.

Samaki wa Katanga walimfikia ndani ya chupa. Profesa Paul Brien alikuwa amewakusanya huku kwetu, na mwaka wa 1938 Poll akatoa andiko juu yao. Mmoja ni mdogo kama kidole, Nothobranchius brieni, wa upande wa Bukama. Anaishi katika madimbwi ya mvua. Kiangazi kikifika dimbwi linakauka, samaki wote wanakufa, ila mayai yanabaki hai ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Si ajabu mtu akiona samaki kwenye dimbwi lililokuwa kavu miezi michache nyuma, adhani wameanguka kutoka mawinguni.

Safari yake kubwa ilikuwa ya ziwa Tanganyika, 1946 hadi 1947. Leloup aliongoza kundi. Capart alipima kina na kufikia metro 1470, Van Meel alichunguza mimea ya majini, Kufferath maji yenyewe, Poll samaki. Vitabu vyake viwili juu ya samaki hao vilitoka 1953 na 1956, na mpaka leo anayechunguza ndagala au mikebuka (wale ambao watu wa Uvira wanaita mikeke) anaanzia humo.

Mwaka wa 1948 aliwapa samaki wapya majina ya wenzake wa safari: leloupi, caparti, meeli, kufferathi. Katika majina hayo manne hakuna hata moja la mvuvi wa ziwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa wakati wa ukoloni, na majina hayo bado yanatumika.

Mwaka wa 1947 Wabeleji waliunda pia IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi yenye makao Lwiro, Kivu ya Kusini, na vituo vingine, kikiwemo cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kituo cha Uvira kilishughulikia ziwa. Mtafiti wake Georges Marlier naye alipata samaki wake, Julidochromis marlieri, kutoka kwa Poll. Siku hizi kituo hicho kinaitwa CRH, na ni cha Wakongomani.

Poll hakuchoka. Samaki waliovuliwa katika hifadhi ya Upemba na msafara wa de Witte, 1946 hadi 1949, walingoja karibu miaka 30: kitabu juu yao kilitoka 1976. Miaka 10 baadaye, akiwa mzee, aligawa samaki wa jamii ya siklidi wa Tanganyika katika makundi 12. Wataalamu wanaopima vinasaba wamerekebisha mgawanyo huo hapa na pale, lakini sehemu kubwa imesimama. Alikufa mwaka wa 1991.

Kwa Katanga, kazi yake ya 1938 ina uzito wa pekee. Leo wavuvi wa Lufira na wa ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, wanaishi na maji yanayopokea uchafu wa migodi na viwanda. Ili kusema samaki fulani ametoweka, lazima kwanza uonyeshe kwamba alikuwepo. Andiko la Poll ni moja ya mashahidi wachache wa zamani, ingawa hata wakati ule Union Minière ilikuwa imeshachimba kwa miaka zaidi ya 20.

Shida ni kwamba shahidi mwenyewe yuko Ulaya. Mtafiti wa Lubumbashi akiwa na mashaka juu ya samaki aliyemshika mkononi, inabidi amlinganishe na yule wa kwanza aliyepewa jina, na huyo yuko kwenye chupa, Tervuren. Anahitaji viza na tiketi ya ndege ili kumtazama samaki wa Bukama.

Tangu 1978 kuna pia Nothobranchius polli, samaki mdogo wa Katanga aliyepewa jina la Poll mwenyewe. Naye ni wa madimbwi ya mvua, yale yale ambayo watu wanayafukia ili kujenga.