Mwalimu mbele ya wabunge wake

Mzee aliyetumiminia kahawa Ujiji ana babu wa Oman. Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa shule. Tukamkumbuka Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, 1922. Oktoba ile, Uhuru ukikaribia, baadhi ya wabunge wa TANU, chama chake mwenyewe, walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Angeweza kunyamaza. Akawapinga bungeni, tena kwa ukali (upole haukuwa desturi yake siku zote), akasema muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Ukapita. Januari 1962 aliacha uwaziri mkuu, akarudi kukijenga chama kilekile. Alifariki 14 Oktoba 1999. Mzee wetu alipiga kura kwa miaka mingi, palepale Ujiji.