Mchungaji John Chilembwe, Mwana wa Chiradzulu



Katika kijitabu chetu cha harambee mwaka huu tunamkumbuka Mchungaji John Chilembwe. Sura yake sote tumeishika mikononi kwenye noti za kwacha, lakini watoto wetu wengi waliozaliwa ugenini hawajui habari zake. Tumeiandika kwa Kiswahili ili nao waisome.

Chilembwe alizaliwa kwetu Chiradzulu mnamo mwaka 1871. Mwaka 1892 alikwenda kufanya kazi kwa mmisionari Joseph Booth, aliyehubiri kwamba Mwafrika na mzungu ni sawa mbele ya Mungu. Mwaka 1897 Booth alimchukua hadi Marekani. Huko alipokelewa na Wabatisti weusi, akasoma chuo cha theolojia mjini Lynchburg, Virginia, akawekewa mikono kuwa mchungaji.

Alirudi mwaka 1900, akanunua ekari 93 pale Mbombwe na kuanzisha Providence Industrial Mission, akisaidiwa na Wabatisti weusi wa Marekani. Hakuishia kwenye mahubiri. Alifungua shule, akahimiza kilimo, na mkewe Ida akawafundisha wasichana kushona. Kuanzia mwaka 1911 hadi 1913 waumini walijenga kanisa kubwa la matofali, ambalo watu walilitazama kwa fahari.

Jirani yake kulikuwa na shamba kubwa la Magomero, likisimamiwa na William Jervis Livingstone. Wazee wetu walioishi humo walilipia ardhi kwa kazi ya thangata. Neno hilo kwetu maana yake ni kusaidia, lakini pale likawa jina la dhuluma. Makanisa madogo ambayo watu wa Chilembwe waliyajenga ndani ya shamba yalichomwa moto. Mwaka 1913 njaa ikaingia, na mchungaji mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na pumu, macho na madeni.

Vita vya dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wetu walikufa Karonga wakipigana na Wajerumani waliotoka upande ambao leo ni Tanzania. Chilembwe aliandika gazetini akilalamika kwamba Mwafrika anaitwa kufa katika vita visivyo vyake, ilhali wakati wa amani hathaminiwi. Serikali ililizuia toleo hilo.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake waliinuka. Livingstone na wazungu wengine 2 waliuawa. Wanawake na watoto wa Kizungu hawakudhuriwa, kwa agizo la Chilembwe. Hatufichi kwamba damu ilimwagika, wala kwamba kichwa cha Livingstone kilipelekwa Mbombwe. Hata leo wapo kwetu wanaouliza kama mchungaji alipaswa kufika huko. Nasi tunasema, anayeuliza hilo aulize pia ni mlango gani mwingine aliokuwa ameachiwa.

Watu wengi hawakuinuka kama alivyotumaini. Tarehe 3 Februari alipigwa risasi na kufa akikimbilia Msumbiji. Wafuasi wake wengi walinyongwa na wengine wakafungwa. Serikali ikalibomoa lile kanisa kwa baruti, na misheni ikafungwa.

Lakini kazi haikuzikwa naye. Daniel Malekebu, mtoto aliyesoma katika misheni hiyo, alikwenda Marekani akawa daktari na mchungaji. Alirudi mwaka 1926 kuifungua upya misheni, na kanisa jipya likasimama. Leo nchi nzima ya Malawi hupumzika kila tarehe 15 Januari kwa heshima ya Chilembwe.

Ndugu zetu, kanisa la kwanza lilivunjwa na wenye nguvu, na la pili likajengwa na mtoto wa nyumbani aliyekwenda mbali akakumbuka kurudi. Sisi tulio mbali tunaitwa kwa njia hiyo hiyo. Mchango wa mwaka huu ni wa madarasa na madawati ya watoto wa Chiradzulu. Atoaye kikubwa na atoaye kidogo wote tunawapokea kwa shukrani, na majina ya wote tutayasoma mbele ya mkutano. Haba na haba hujaza kibaba.

Karibuni nyote.