Jiří Weil (1900–1959): Kifo, Majina na Kumbukumbu katika Riwaya ya Kicheki

Katika fasihi ya Kicheki ya karne ya 20, ni waandishi wachache ambao maisha yao yamefungamana na suala la kifo na kumbukumbu kama Jiří Weil. Alizaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Praskolesy, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea filolojia ya Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Charles mjini Prague na kutunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1928. Akiwa mkomunisti, alifanya kazi ya tafsiri mjini Moscow tangu 1933 hadi 1935, akafukuzwa chamani na kupelekwa Asia ya Kati. Masaibu hayo yalizaa riwaya ya Moskva-hranice (1937), iliyowaudhi wakomunisti wa nchi yake.

Mwaka 1942, chini ya utawala wa Wajerumani, aliamriwa kujiunga na msafara wa kwenda Terezín. Badala ya kutii, alifanya ionekane kwamba amejiua kwa kujitosa katika mto Vltava, kisha akaishi mafichoni hadi mwisho wa vita mwaka 1945. Alihesabiwa miongoni mwa wafu, na kuhesabiwa huko ndiko kulikomwokoa.

Tajriba hiyo ndiyo msingi wa riwaya ya Život s hvězdou, yaani Maisha na Nyota (1949). Mhusika mkuu, Josef Roubíček, aliyekuwa karani wa benki, anaishi katika upweke akizungumza na Růžena, mpenzi wake asiyekuwepo. Jambo la kuzingatiwa hapa ni la kiisimu: Wajerumani hawatajwi kwa jina, bali hurejelewa kwa nafsi ya tatu wingi. Mwandishi anawanyima watesi jina, ilhali mnyonge analo. Riwaya hiyo ilishutumiwa vikali, na Weil akaondolewa katika chama cha waandishi.

Baadaye alifanya kazi katika Makumbusho ya Kiyahudi mjini Prague. Kati ya 1954 na 1959, majina ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa yaliandikwa kwenye kuta za Sinagogi la Pinkas. Idadi yao, 77,297, ndiyo iliyo katika anwani ya maombolezo aliyoyachapisha Weil mwaka 1958. Humo, masimulizi mafupi ya watu mmojammoja yanaizuia idadi hiyo isiwameze.

Weil alifariki mwaka 1959. Katika riwaya yake ya mwisho, iliyotoka 1960, wafanyakazi wanaamriwa kuiondoa sanamu ya Mendelssohn kutoka paa la Rudolfinum. Kwa kuwa sanamu hazina majina, wanapima pua, nusura waiangushe ya Wagner. Hata anayetaka kufuta kumbukumbu, basi, hana budi kulijua jina kwanza.

Sinagogi hilo lilifungwa mwaka 1968 kwa sababu ya maji ya ardhini, na majina yakaondolewa kutani. Yaliandikwa upya kwa mkono kati ya 1992 na 1996. Kumbukumbu, kama Weil alivyoielewa, ni kazi inayorudiwa, na wanaoirudia ni walio hai.