Henry Ford, mtoto aliyefungua saa

Hakuna msomaji asiyelijua jina la Ford. Sisi tuliokulia Mombasa tunazikumbuka Anglia na Cortina zilizokuwa zikipita Makadara na Kilindini, na malori yaliyobeba mizigo kutoka bandarini kwenda bara. Jina lile lilikuwa limeandikwa mbele ya gari kwa herufi za kupendeza, nasi watoto tulilisoma kabla hata hatujajua kusoma vitabu. Lakini jina ni kitu kimoja na mtu ni kitu kingine. Wengi wanamjua Henry Ford kuwa ni tajiri mkubwa wa Marekani. Wachache wanamjua kuwa alikuwa fundi wa karakana, mtu wa tupa na nyundo, aliyeanza kwa mchezo wa kitoto.

Mimi nimekula riziki yangu kwa mashine ya kukerezea chuma kwa muda uliozidi miaka 30, na ndiyo sababu maisha ya mtu huyu yananishughulisha. Leo napenda kuyasimulia kwa upande huo wa ufundi, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wazazi.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863, katika shamba lililo karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, mkulima mwenye bidii, na alitaraji kwamba mwanawe atashika jembe kama yeye. Mtoto hakulipenda jembe. Kazi ya shamba aliiona ni taabu nyingi kwa faida kidogo, na daima alikuwa akifikiri vipi mashine ingeweza kumpunguzia binadamu mzigo ule.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 au 13 alipata saa ya mfukoni. Mtoto mwingine angeivaa akajionyesha kwa wenzake. Yeye aliifungua. Hakuwa na vyombo vya kazi, basi alichukua msumari akaunoa kwa tupa mpaka ukawa bisibisi ndogo, akaitoa mashine ya saa kipande kwa kipande, kisha akairudisha ikaenda. Baada ya hapo majirani walianza kumletea saa zao zilizokufa, naye akizifufua bila kudai malipo. Yasemekana kwamba hata shuleni yeye na wenzake waliziba mfereji wa maji ili wazungushe gurudumu.

Mwaka 1876 ulikuwa mwaka wa msiba na wa mwanzo mpya kwake. Mwezi Machi mama yake, Mary, alifariki. Mwezi Julai, akiwa amepanda gari la farasi pamoja na baba yake kuelekea Detroit, alikutana na mtambo wa mvuke ukitembea wenyewe barabarani pasipo kuvutwa na mnyama yeyote. Alishuka mbio akaenda kumhoji mwendeshaji wake: mtambo unakwendaje, una nguvu gani, unazunguka mara ngapi kwa dakika. Mwenyewe alikuja kusema ukubwani kwamba tangu siku ile hakuwa na fikira nyingine ila kutengeneza chombo cha kutembea barabarani. Alianza kwa kuunda mifano midogo ya mtambo ule. Majaribio ya kwanza hayakufanikiwa, lakini baada ya miaka kadhaa alipata mfano uliokwenda vizuri.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo maisha ya mtoto wa Michigan yanapokutana na maisha yetu. Katika miaka ya 1960, mtoto wa Mji wa Kale aliyetaka gari hakununuliwa, alijiundia. Tulitafuta waya, tukaukunja kwa meno na kwa mawe kwa kuwa koleo hatukuwa nalo. Magurudumu tuliyakata kutoka kandambili zilizochakaa. Mwili wa lori ulikuwa kopo la samaki, na usukani ulikuwa fimbo ndefu ya waya iliyofika mpaka kifuani, ili uweze kulikimbiza gari mbele yako kutoka chuoni hadi nyumbani. Gari lisilokata kona lilichekwa. Basi tulijifunza, bila ya mwalimu, kwamba ekseli ya mbele lazima izunguke juu ya kitu, na kwamba kitu hicho kisipokuwa madhubuti gari litakwenda upogo.

Wazee wetu hupenda kutukumbusha kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Ni kweli, lakini upo mchezo ambao kazi imejificha ndani yake. Nilipoingia karakana katika miaka ya 1970 kuwa mwanafunzi wa fundi, mzee wa Kipunjabi aliyenifunza hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, akaniamuru nikifanye kiwe mraba. Nilikipiga tupa siku nne. Alikuwa akikiweka kwenye mwanga, akitazama kama nuru yapenya kati ya chuma na rula, kisha akinirudishia kimya. Mkono uliowahi kukunja waya ulijua subira ile.

Turudi kwa Ford. Mwaka 1879, akiwa na miaka 16, aliliacha shamba akaenda Detroit. Baada ya siku chache katika kiwanda cha mabehewa alipata kazi katika karakana ya ndugu walioitwa Flower, waliokuwa wakitengeneza vali za maji na za mvuke. Alikuwa akizichonga vali za shaba kwa mashine ili spana ipate pa kushika. Mshahara ulikuwa dola mbili na nusu kwa wiki, na chumba pamoja na chakula vilimgharimu dola tatu na nusu. Upungufu aliuziba kwa kutengeneza saa usiku katika duka la sonara. Mwaka uliofuata akahamia kampuni ya kuunda meli, katika idara ya mitambo. Wale wetu waliofanya kazi penye gudi na gati wanaelewa shule ile ni ya namna gani, kwani mtambo wa meli hausamehe uzembe.

Alirudi shambani mwaka 1882, lakini si kwa jembe. Alikuwa akizunguka mashamba ya jirani akiendesha na kutengeneza mitambo ya mvuke. Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, mwanamke ambaye bila subira yake huenda tusingelijua jina la Ford. Mwaka 1891 wakahamia Detroit, Henry akiwa fundi katika kampuni ya umeme.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1893, mtoto wao Edsel akiwa bado wa wiki chache, Ford aliingia jikoni na injini ndogo aliyoiunda mwenyewe. Silinda ilikuwa kipande cha bomba la gesi, na gurudumu zito la kuizungusha alilitoa katika mashine kuukuu ya kukerezea. Aliifunga kwenye beseni la kuoshea vyombo, akachukua cheche kutoka kwenye waya wa taa, na Clara, aliyekuwa akiandaa chakula cha sikukuu, akawa anatia petroli tone kwa tone. Ikawaka, ikatikisa jikoni zima, moto ukatoka kwa nyuma. Ilikuwa yatosha.

Miaka miwili na nusu baadaye gari lake la kwanza lilikuwa tayari katika banda la nyuma ya nyumba. Lilikuwa na magurudumu manne ya baiskeli, na halikuwa na usukani wa duara bali mkono mfano wa kana inayoshikwa na nahodha wa mashua. Kurudi nyuma halikuweza. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896 walipotaka kulitoa waliona kwamba mlango wa banda ni mwembamba kuliko gari. Ford alishika shoka akabomoa matofali ya ukuta. Gari likatoka, likazunguka mitaa ya Detroit watu wakiwa wamelala.

Haikuwa safari nyepesi baada ya hapo. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa 1899, ilivunjika. Katika ya pili hakuelewana na wenye fedha akaondoka. Ya tatu ndiyo Ford Motor Company, iliyoandikishwa mwezi Juni 1903. Mwaka 1908 ilitoa gari la Model T, rahisi kutengenezwa, imara katika barabara mbovu, lenye bei ya dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300, na lilipokoma kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yamekwisha kuundwa magari milioni 15. Mkulima, mwalimu, hata kibarua aliweza kununua gari. Hilo ni jambo kubwa, na haifai kulidharau.

Lakini bei hiyo ilishukaje? Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford na wasaidizi wake waliigawanya kazi. Zamani mtu mmoja aliunda magneto, kile chombo cha kutoa cheche, peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho kwa dakika 20 hivi. Sasa kazi ile iligawanywa kwa watu 29. Huyu anaweka skrubu, yule anakaza nati, wa tatu anasukuma mbele, na muda ukateremka hadi dakika 13, kisha hata chini ya hapo. Baadaye gari zima lilivutwa kwa mnyororo mbele ya wafanyakazi, na kazi ya kuliunganisha, iliyokuwa ikichukua saa zaidi ya 12, ikamalizika kwa dakika 93.

Fundi anayesoma hesabu hii hustaajabu, kisha husikitika. Mtu wa kukaza nati moja kutwa nzima hajui gari. Wafanyakazi wenyewe walilihisi jambo hilo, wakawa wanaingia na kutoka kiasi kwamba mwaka ule wa 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili wabaki 14,000 hivi. Ndipo Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola tano kwa siku ya saa nane, takriban maradufu ya uliokuwapo. Watu walijazana milangoni. Lakini ujira huo ulikuja na wakaguzi waliotembelea nyumba za wafanyakazi kuangalia mienendo yao.

Miongoni mwa waliovutwa na dola zile walikuwamo ndugu zetu Waislamu kutoka Sham na Yemen. Kwa ajili ya jamii hiyo ulijengwa mwaka 1921 msikiti karibu na kiwanda cha Highland Park, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza kujengwa Marekani kwa madhumuni ya kuswalia. Msikiti ule haukudumu miaka mingi, lakini watu walidumu. Waliufuata mji wa Dearborn wakati Ford alipojenga kiwanda kikubwa zaidi huko, na tangu 2005 mmoja wa misikiti mikubwa ya Amerika ya Kaskazini umesimama Dearborn, kando ya barabara iitwayo Ford Road.

Haki yatulazimu kutaja na mabaya. Kuanzia 1920 gazeti lake lilieneza chuki na uzushi dhidi ya Wayahudi kwa miaka kadhaa, na ingawa aliomba radhi mwaka 1927, mwaka 1938 alikubali nishani ya serikali ya Hitler. Vyama vya wafanyakazi alivipiga vita, na mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wao hadharani. Alisalimu amri mwaka 1941. Ufundi wa mkono hauna dhamana ya kumtakasa mtu moyo.

Lipo jambo moja katika uzee wake ambalo mimi hulifikiri sana. Mtu huyu aliyegawanya kazi ya fundi vipande vipande alitumia mali nyingi kukusanya karakana za zamani. Alizihamisha hadi Dearborn, pamoja na nyumba aliyozaliwa, akazifanya makumbusho yaliyofunguliwa 1929. Aidha, tangu 1916 alikuwa na shule ya ufundi ambako vijana wa maskini walifunzwa kazi ya mashine huku wakilipwa. Nayo mapenzi yake ya kutengeneza saa hayakumtoka. Naona alijua kilichopotea, na alijua kwamba mstari wa kiwanda chake usingeweza kumzaa Henry Ford mwingine.

Alifariki usiku wa tarehe 7 Aprili 1947, akiwa na miaka 83. Mto ulikuwa umefurika ukakata umeme wa nyumba yake, na aliyeeneza mashine duniani akafa kwa mwanga wa mshumaa na taa ya mafuta, kama ule wa siku aliyozaliwa.

Fundi wa kuunda jahazi kule Lamu anakijua chombo chake kutoka mkuku hadi mlingoti. Sisi wa karakana za Mombasa, vipuri vilipoadimika, tulikereza wenyewe kisichopatikana dukani, kwa sababu tulijua kile kipande kinafanya kazi gani ndani ya mtambo. Siku hizi namwona kijana hodari akitoa kipuri kilichoharibika na kutia kipya, na kisipopatikana kipya, basi gari hulala. Lawama si yake. Alipokuwa mdogo alinunuliwa gari la plastiki lililokamilika, na alipolifungua atazame ndani alipigwa kwa kuharibu mali.

Basi mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao amefungua redio au saa, vipande vimetapakaa juu ya mkeka, usifanye haraka ya kutafuta bakora. Kaa naye. Mpe bisibisi, kisha msubiri mpaka airudishe.