Pango la Noeli: Wazazi, Jifunzeni kwa Mtakatifu Fransisko

Wapendwa baba na mama, Majilio ni majuma manne tu. Katika nyumba nyingi majuma hayo huishia kwenye mazungumzo ya nguo mpya, nauli ya kwenda mashambani na mchele wa sikukuu. Noeli ikifika, watoto wanajua watakula nini. Lakini waulizeni kwa nini Yesu alilazwa horini, nao watatazamana. Basi tuangalie maisha ya mtu aliyewafundisha watu Noeli kwa macho yao.

Mtakatifu Fransisko alizaliwa Assisi, Italia, mwaka wa 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa. Mama yake aliitwa Pica. Kijana alipenda karamu na nguo nzuri, akatamani sifa za vitani. Mwaka wa 1202 alipigana na watu wa Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Baadaye moyo wake uligeuka. Alianza kuwahudumia wakoma, akauza vitambaa vya baba yake ili kanisa bovu la San Damiano litengenezwe.

Hapo nyumba ikagawanyika. Baba alimpiga na kumfunga ndani kwa minyororo. Baba aliposafiri, mama alimfungulia. Aliporudi, akamkaripia mkewe. Mwishowe, mwaka wa 1206, Fransisko alivua nguo zake mbele ya Askofu, akamrudishia baba yake. Wanandoa, lipimeni jambo hili. Mtoto huyu hakukosa kitu chochote cha kununuliwa. Lakini baba alishika lake, mama akashika lake, na mtoto akawa katikati.

Fransisko alichagua ufukara, wengi wakamfuata. Mwezi wa Novemba 1223, Papa Honorius wa Tatu alithibitisha Kanuni ya shirika lake. Noeli ya mwaka huo ilimkuta karibu na kijiji cha Greccio. Siku kama kumi na tano kabla ya sikukuu, alimwomba rafiki yake mmoja, mkuu wa mahali pale aliyeitwa Giovanni, atayarishe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka watu waone jinsi Mtoto Yesu alivyokosa hata mahali pa kulala. Usiku ule wanaume kwa wanawake walikuja na mishumaa na mienge. Misa ilisomwa penye hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1226, akatangazwa mtakatifu mwaka wa 1228. Mapango tunayoyaona makanisani wakati wa Noeli yanatukumbusha usiku ule.

Nyumbani kwenu mnaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Tafuteni boksi, udongo wa mfinyanzi, mabua na nyasi. Kila Jumapili jioni baba na mama waketi pamoja na watoto, televisheni ikiwa imezimwa.

Juma la kwanza someni Luka 1:26-38, watoto wamfinyange Maria. Juma la pili someni Mathayo 1:18-25, wamfinyange Yosefu. Juma la tatu someni Luka 2:1-5, juu ya safari ya kwenda Betlehemu, watengeneze ng'ombe na punda. Juma la nne someni Luka 2:8-20, watengeneze wachungaji. Hori libaki tupu. Mtoto Yesu awekwe usiku wa Noeli, na aliye mdogo kuliko wote apewe heshima hiyo, huku mkisoma Luka 2:6-7.

Baba, usimwachie mama kazi hii ukisema ni mambo ya watoto. Kule Greccio Fransisko hakuona aibu kushughulika na nyasi na punda. Nanyi kama mmenuniana, patanani kabla ya kuketi, kwa maana mtoto huwasoma wazazi wake kabla hajaisoma Biblia.

Tena Fransisko alitaka siku ya Noeli matajiri wawashibishe maskini, hata ng'ombe na punda waongezewe chakula. Kwa hiyo pimeni sahani moja ya jirani asiye na kitu, na watoto ndio waipeleke. Hapo watakuwa wameielewa habari ya hori.