Tahir bin al-Husein, Mwenye Mikono Miwili ya Kuume

Katika majemadari wa dola ya Bani Abbas ni wachache ambao maisha yao yana mazingatio makubwa kama ya Tahir bin al-Husein. Alizaliwa Bushanj, karibu na Herat katika nchi ya Khurasan, katika jamaa ya mawali wa kabila la Khuza'a. Alikuwa na jicho moja, lakini yasimuliwa kuwa mkono wake wa kushoto ulipiga upanga kama ule wa kuume, na kwa hivyo akaitwa Dhul-Yaminayn.

Mwaka 802 Khalifa Harun al-Rashid alihiji pamoja na wanawe, akawaandikisha ahadi huko Makka: al-Amin arithi ukhalifa, na al-Ma'mun awe na Khurasan kisha amfuate nduguye. Ahadi ile ikawekwa katika Al-Kaaba. Harun alipofariki mwaka 809 hazikupita siku nyingi al-Amin akamtanguliza mwanawe Musa, naye ni mtoto mdogo, akaziagiza nyaraka zile kutoka Makka na kuziharibu. Hapo ndipo mlango wa fitna ulipofunguliwa.

Mwaka 811 al-Amin alimpeleka Ali bin Isa bin Mahan na jeshi ambalo wanataarikh walilikadiria kuwa watu 40,000. Watu wa Baghdad walikuwa hawajapata kuona jeshi lenye dereya, silaha, wanyama na mali mfano wa lile. Tahir alikuwa Rayy na watu wasiozidi 5,000, na miongoni mwao wapanda farasi wa Khwarazm. Ali alimdharau, asichimbe handaki wala asitangulize wapelelezi. Siku ya vita watu wa Tahir waliutundika juu ya mikuki waraka wa baia ambayo Ali mwenyewe aliwachukulia watu wa Khurasan kwa ajili ya al-Ma'mun, wakamkumbusha Mola wake. Asisikie. Tahir akaelekeza nguvu zake zote katikati ya safu za adui. Ali akauawa, na jeshi lile likatawanyika. Jeshi la pili likavunjwa Hamadan.

Mwezi wa Agosti 812 Baghdad ikazingirwa: Tahir upande wa magharibi, na Harthama bin A'yan upande wa mashariki. Manjaniki zikavurumisha mawe usiku na mchana, nyumba zikachomwa moto, na vyakula vikazuiwa visiingie. Al-Amin akaviyeyusha vyombo vyake vya dhahabu na fedha ili awalipe askari. Waliokuja kumpigania zaidi ni mafakiri wa mjini, ambao hawakuwa na nguo ya kutosha, licha ya dereya. Chapeo zao zilikuwa za makuti, ngao zao ni mikeka iliyopakwa lami, na silaha yao ni mawe. Hata hivyo mara nyingi waliwashinda askari waliovaa chuma. Mji wa Waislamu ukabomolewa na Waislamu kwa zaidi ya mwaka mzima.

Mwezi wa Septemba 813 al-Amin alitaka kujisalimisha kwa Harthama kwa mashua. Watu wa Tahir wakaipindua mtoni, wakamkamata, na usiku ule akauawa. Kichwa chake kikapelekwa kwa nduguye huko Marw. Yasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye al-Ma'mun alikuwa akimwona Tahir hulia, kwa kumkumbuka nduguye. Tahir akaogopa, akafanya hila apelekwe mbali. Mwaka 821 akapewa utawala wa Khurasan.

Wakati huo alimwandikia mwanawe Abdallah barua mashuhuri juu ya uongozi: asimamishe Sala, afanye uadilifu katika kodi, awaangalie mafakiri, na awawekee wagonjwa nyumba na matabibu. Al-Ma'mun aliipenda hata akaamuru ipelekwe kwa maliwali wote, na Ibn Khaldun ameihifadhi katika Muqaddima yake.

Lakini mwaka 822, siku ya Ijumaa, Tahir aliliacha jina la Khalifa katika hotuba. Hakukupita ila usiku, akakutwa amekufa kitandani. Na wako wasemao kuwa alitiliwa sumu.

Basi na tuzingatie. Mtu huyu alishinda Rayy hali waraka wa baia umeinuliwa mbele ya jeshi lake, kisha mwisho wa umri wake akaivunja baia yake mwenyewe. Ni wepesi mtu kumwonyesha mwenziwe ahadi aliyoivunja. Lililo zito ni kuitimiza yake. Dereya humkinga mtu na mshale, wala haimkingi na nafsi yake.