Seretse Khama wa Botswana

Zikitajwa Nchi za Mstari wa Mbele, hapa shuleni kila mtu humtaja Mwalimu Nyerere na Kaunda, na Seretse Khama husahauliwa. Nami naona yeye ndiye aliyekaa karibu zaidi na moto.

Alizaliwa Serowe tarehe 1 Julai, 1921. Baba yake alifariki mwaka 1925, mtoto akarithi uchifu akiwa na miaka minne tu, na ami yake Tshekedi akamshikia utawala. Alisoma Fort Hare, kisha Oxford na London. Huko London, mwaka 1948, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza. Mwaka huo huo Makaburu wenye siasa ya ubaguzi walishika serikali ya Afrika Kusini, na ndoa hiyo iliwachukiza mno. Uingereza haikutaka kuwaudhi. Mwaka 1950 ikamzuia Seretse asikae kwao. Tume iliyomchunguza iliona anafaa kutawala, lakini ripoti yake ikafichwa! Alirudi mwaka 1956, baada ya kuuacha uchifu.

Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba, 1966, naye akawa Rais. Nchi ilikuwa maskini kabisa, nayo imezingirwa na Afrika Kusini, Namibia iliyotawaliwa na Afrika Kusini, na Rhodesia. Hata reli yake ilikuwa ya Rhodesia. Ni Kazungula tu, penye kivuko cha mto Zambezi, ndipo ilipogusana na Zambia, na hata hapo Afrika Kusini ilidai kwamba hapana mpaka.

Angenyamaza, nani angemlaumu? Kambi za wapiganaji hakuzikubali, maana hakuwa na jeshi mpaka mwaka 1977. Lakini wakimbizi aliwapokea, na pamoja na Nyerere, Kaunda, Machel na Neto akaibana serikali ya Ian Smith ikubali utawala wa wengi. Gharama yake haikuwa ndogo. Februari 1978 majeshi ya Rhodesia yaliwaua askari 15 wa Botswana huko Leshoma.

Tarehe 1 Aprili, 1980, nchi tisa zilikutana Lusaka, Tanzania ikiwamo, zikaunda umoja wa kupunguza kuitegemea Afrika Kusini kwa uchumi. Seretse alikuwa mwenyekiti. Siku 17 baadaye Zimbabwe ikawa huru. Yeye alikuwa mgonjwa, akafariki tarehe 13 Julai, akiwa na miaka 59, akazikwa Serowe. Bibi Ruth hakurudi kukaa Uingereza. Alifia Botswana mwaka 2002.